Maisha ya Lubor Zapletal, Mchoraji wa Koti la Njano

Familia ya marehemu Lubor Zapletal inawashukuru nyote mliofika leo, Jumamosi tarehe 9 Machi 2024, hapa makaburini Kyjov. Wasifu huu umeandikwa mara mbili. Wa kwanza ulikamilika Jumatatu na ulikuwa mfupi. Jumanne lilitokea jambo nyumbani kwake Brno, likatulazimu kuuandika upya, na mpaka tunaposimama hapa bado hatujatulia. Mkiona sehemu moja ni ndefu kuliko nyingine, mtuvumilie.

Lubor alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1958 hapa Kyjov, katika nyumba ya pili kutoka kona, barabara ya kiwanda cha vioo. Alikuwa mtoto pekee wa marehemu Josef Zapletal, mpuliza vioo, na marehemu Anežka, aliyefanya usafi katika jumba la sinema la mji. Mchana baada ya shule alimfuata mama yake kazini. Hakuruhusiwa kuingia ukumbini sakafu ikiwa na maji, kwa hiyo alisimama mlangoni kutazama mabango. Wenye umri wa kukumbuka wanajua kwamba mabango yetu ya wakati ule hayakuwa na picha za waigizaji wanaotabasamu. Yalichorwa kwa mkono, na kila mchoraji aliichora filamu jinsi ilivyomwingia. Siku moja mama yake alimuuliza kama angependa aombewe tikiti ya filamu ya wiki ile.

"Hapana, mama. Nimeshaiona."

"Umeionea wapi, na mlango nimeufunga mimi?"

"Hapa hapa nje."

Anežka aliwasimulia watu kisa hicho maisha yake yote, kila mara akicheka mpaka anashika mbavu.

Alisoma shule ya msingi hapa Kyjov kuanzia mwaka 1964 hadi 1973. Hesabu zilimshinda na walimu hawakumficha. Mwaka 1974, baada ya kukataliwa mara ya kwanza, alipokelewa shule ya sekondari ya sanaa za ufundi mjini Brno, akahitimu Juni 1978 katika uchoraji wa matangazo na upambaji wa maduka. Miaka miwili iliyofuata alitumikia jeshi huko Znojmo, ambako kazi yake ilikuwa kuandika mabango ya kambi. Alisema alijifunza jeshini kuchora herufi iliyonyooka huku mtu akimpigia kelele.

Kazi yake ya kwanza, kuanzia Oktoba 1980, ilikuwa kupamba madirisha ya duka kubwa la nguo mjini Brno. Ndipo alipokutana na Drahomíra Kubíčková wa Hodonín, aliyeuza glovu na skafu ghorofa ya chini. Majira ya baridi ya mwaka 1981 Lubor alivalisha sanamu ya dirishani koti jipya la sufu, kisha akaigeuza, mgongo ukaelekea barabarani. Meneja alitoka mbio bila hata kofia.

"Zapletal! Umewageuzia wateja mgongo! Wewe una akili kweli?"

"Wakitaka kumwona uso, bosi, wataingia."

"Na wasipoingia?"

"Basi koti halikuwa zuri."

Waliingia. Makoti yaliisha kabla ya Krismasi, na meneja, bila kumsifu, aliacha kumfokea. Drahomíra alisema baadaye kwamba naye alikuwa miongoni mwa waliozunguka kwenda kuutazama uso wa ile sanamu, na alichokikuta nyuma yake ni kijana aliyeketi sakafuni anakula mkate wenye mafuta ya nguruwe.

Walifunga ndoa tarehe 18 Juni 1983 katika kanisa la Hodonín. Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Blanka, aliyezaliwa tarehe 3 Februari 1986. Ndoa yao ilikuwa ya miaka arobaini na ushee. Hawakuwa watu wa kushikana mikono barabarani, lakini hakuna aliyewahi kumwona mmoja akianza kula kabla ya mwenzake.

Mambo yalipobadilika nchini, duka lilibinafsishwa na madirisha yakapewa watu wengine. Kuanzia mwaka 1991 Lubor alifanya kazi katika kiwanda cha uchapaji, akitengeneza majalada ya mikanda ya video. Kazi hiyo aliifanya vizuri na hakuipenda hata siku moja. Mteja alileta picha ya kichwa cha mwigizaji, akataka kichwa kile kijaze jalada lote, na chini yake bunduki. Kuna mwaka alitengeneza majalada kumi na manne ambayo, alisema, ukiyapanga kwa mstari unaona mtu yuleyule akibadilisha miwani. Alivumilia kwa sababu Blanka alikuwa anasoma.

Mwaka 2009 Otakar Hrubeš, ambaye leo amebeba jeneza upande wa kushoto mbele, alianzisha kampuni ndogo ya Lampa. Kampuni hiyo hutafuta filamu zetu za zamani, huzisafisha, kisha huzitoa katika diski kwa matoleo machache yenye namba, ndani ya makasha mazuri, kwa watu wanaopenda kuzikusanya. Wanunuzi wa vitu hivyo hawataki picha waliyoizoea. Wanataka jalada ambalo halijawahi kuonekana popote, na wanajua kulichunguza kuliko mafundi wengi. Hrubeš alimfuata Lubor kiwandani akamwambia, "Mzee, hapa hakuna vichwa. Chora unachotaka." Lubor alivua aproni palepale.

Namna yake ya kufanya kazi aliijua mkewe peke yake, na ametuomba tuieleze. Filamu ikiletwa, waliitazama wote wawili mezani jikoni, mara moja tu. Lubor hakuandika kitu na hakusimamisha picha. Waliondoa vyombo wakalala. Kesho yake, Drahomíra akiwa bado anamimina kahawa, Lubor alimuuliza, "Umebaki na nini?" Chochote alichokitaja, kijiko, ngazi, mbwa aliyepita, ndicho Lubor alichokwenda kuchora. Hakuwahi kumpinga. Drahomíra alidhani ni utani wa asubuhi wa watu wazima, na kwa miaka mingi alijibu lolote lililomjia.

Katika miaka kumi na mitano Lubor aliichorea Lampa majalada thelathini na manane. Chama cha wakusanyaji cha Brno, ambacho wanachama wake hukutana Alhamisi ya kwanza ya kila mwezi katika baa moja karibu na stesheni, kilimpa tuzo ya Jalada la Mwaka mara tatu. Kila mara alishukuru kwa maneno machache, akanywa bia moja, akarudi nyumbani kwa tramu.

Sasa tunafika mahali ambapo maneno ni magumu.

Tarehe 14 Septemba 2023 Lampa ilitoa filamu ya mwaka 1967 iitwayo Abiria wa Mwisho. Ni kisa cha mwanamke anayesubiri tramu mwisho wa njia, mvua ikinyesha, kisha anatoweka, na mji mzima unamtafuta. Nakala zilikuwa mia sita. Jalada la Lubor lilionyesha nguzo nyekundu ya kituo, mvua ya mistari iliyolala, na koti la njano limetundikwa kwenye nguzo. Hapakuwa na mtu. Juu ya nailoni iliyofunga kasha kampuni ilibandika kibandiko: "Mchoro mpya wa Lubor Zapletal, haujapata kuonekana." Lubor hakuulizwa kuhusu kibandiko kile, na alipokiona alikereka. "Mpya ni mpya," alimwambia Hrubeš kwenye simu, "lakini mbona unanipigia tarumbeta?"

Nakala zote ziliisha asubuhi moja. Wiki ya tatu mtu mmoja aliweka mtandaoni bango la zamani la filamu ile, lililochorwa mwaka 1967 na Bi. Zdena Pokludová. Lilikuwa na nguzo ileile nyekundu, mvua ileile iliyolala, koti lilelile la njano, isipokuwa ndani ya koti alikuwamo mwanamke, amesimama ametupa mgongo. Picha mbili ziliwekwa kando kwa kando, na chini yake maneno: "Mfute mwanamke, umepata kazi ya Zapletal."

Mwenyekiti wa chama, Bwana Kamil Vondruška, ambaye ni mfamasia, hakuwa adui wa Lubor. Ndiye aliyeongoza kumpa tuzo zile tatu, na labda ndiyo sababu aliumia zaidi ya wengine. Kwenye maonyesho ya wakusanyaji mjini Brno, Jumamosi tarehe 21 Oktoba, alimkuta Lubor mezani kwa Lampa akamsimamia mbele ya watu.

"Mzee Zapletal, nikuulize swali dogo. Yule mama umempeleka wapi?"

"Yumo ndani," alisema Lubor.

"Ndani ya mfuko wako?"

Watu walicheka. Mmoja alidakia kutoka nyuma, "Ndani ya akaunti yake!"

"Ndani, bwana Kamil. Si una nakala? Nenda kaangalie."

"Usinifanye mtoto. Bango nimeliona kwa macho haya. Miaka kumi na mitano tunakuita fundi, kumbe wewe ni kifutio!"

Lubor alivaa kofia yake, akampa mkono muuza kahawa wa meza ya jirani, akaondoka. Alhamisi tarehe 2 Novemba chama kiliondoa jina lake katika wanaoshindania tuzo. Kabla ya mwezi kwisha, kazi mbili alizoahidiwa zilipelekwa kwa kijana wa Prague. Hrubeš alipomjulisha, Lubor alimwambia, "Wewe una kampuni ya kulinda. Fanya."

Nyumbani pia hapakuwa na raha. Lazima tuseme kitu ambacho wakusanyaji wote mliopo hapa mnakijua na wengine wanaweza kushangaa. Kasha la namna hii likifunguliwa nailoni yake, thamani huanguka. Kwa hiyo watu hununua, huweka kabatini, na hawafungui. Mwenye kutaka kuitazama filamu hununua nakala ya bei rahisi, yenye jalada jingine. Nyumba ya Lubor haikuwa tofauti. Kila toleo alileta nakala namba moja, na mkewe aliiweka kwenye kabati la vioo sebuleni, imefungwa vilevile, ije kuwa mali ya mjukuu wao, Matyáš. Lubor alizileta akaziona zinapangwa.

Jioni ile baada ya maonyesho Drahomíra alimsubiri jikoni na simu mkononi.

"Lubor, hili bango uliwahi kuliona?"

"Mara ngapi! Lilikaa mlangoni wiki nzima, mama anapiga deki."

"Kwa hiyo wanachosema ni kweli?"

"Fungua kasha, mama."

"Sifungui kitu cha mtoto. Nijibu kwa mdomo."

"Kwa mdomo nimeshajibu."

Alimfunga mbwa wao kamba, akatoka. Drahomíra aliyachukua maneno yale kuwa ni kukiri. Wakati wa Krismasi, samaki akiwa mezani, Blanka alijaribu naye. "Baba, andika mstari mmoja tu, sema umeghafilika. Watu husahau." Lubor alitoa mwiba mdomoni, akauweka pembeni mwa sahani. "Nikiandika hivyo nitakuwa nimewaongopea," alisema. Kisha akamwomba Matyáš ampitishie saladi ya viazi, na hapakuwa na mtu aliyerudia suala lile tena. Majirani wa mtaa wake wanakumbuka kwamba Desemba ile alipamba dirisha la duka la maua bila malipo, akakaa mle siku mbili, na walipomgongea kioo alipunga mkono.

Afya yake ilikuwa njema. Alikunywa kidonge cha shinikizo la damu kila asubuhi, na Januari daktari alimwambia ana moyo wa kijana. Jumamosi tarehe 2 Machi 2024 aliamka kama kawaida, akaleta mikate, akamenya viazi. Saa nne asubuhi alisema, "Draha, nisogezee kiti." Alimsogezea, na Lubor alikaa. Gari la wagonjwa lilifika haraka na wahudumu walifanya kila waliloweza, lakini mshipa mkubwa wa damu karibu na moyo ulikuwa umepasuka. Hakufika hospitali. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mitano. Viazi vilikuwa bado ndani ya maji. Drahomíra aliwapigia watu simu mwenyewe, mmoja mmoja, na kila aliyepokea hakuamini, akamuuliza swali moja: Lubor yupi?

Jumanne tarehe 5 Machi Blanka alikuwa anatafuta picha ya kuweka kwenye kijitabu hiki mlichokishika. Alitaka jalada la Abiria wa Mwisho, kwa kuwa ndilo la mwisho, ingawa mama yake hakutaka kuliona. Alilitoa kabatini akaliweka kwenye mashine ya kunakili picha. Ilitoka nyeupe.

"Mama, naichana hii."

"Thubutu! Namba moja hiyo, ya Matyáš."

"Nailoni inang'aa, mama, picha haitoki. Matyáš atasamehe."

"Basi chana kwa wembe. Pembeni, taratibu. Usiguse karatasi."

Blanka alichana. Alifungua kasha ili aitoe karatasi ya jalada. Drahomíra, aliyekuwa anapiga pasi nguo nyeusi, alimwita mara mbili bila kujibiwa.

"Blanka? Umeichana karatasi?"

"Mama. Njoo. Yumo ndani."

Upande wa pili wa karatasi, nyuma kabisa ya lile koti tupu, lilikuwa limechapwa bango lote la mwaka 1967, nguzo, mvua, koti na mwanamke. Vipimo vimelingana, ukifungua kasha unamkuta amesimama palepale alipoondolewa kule nje. Juu, kwa herufi kubwa kuliko herufi za jina la Lubor upande wa mbele, imeandikwa: "Zdena Pokludová ndiye aliyemchora, mwaka 1967. Hapa yupo kwa ruhusa yake." Chini, kwa herufi ndogo: "Nilimwona akilowa tangu nikiwa na miaka tisa. Nimemwingiza ndani. L. Z." Na chini ya hapo, mstari wa mwisho: "Drahomíra alibaki na koti."

Drahomíra aliusoma mstari ule amesimama, pasi mkononi. Alikumbuka asubuhi yenyewe, kahawa yenyewe. Alikuwa amemwambia kwamba sura ya yule mwanamke haikumbuki, amebaki na koti.

Walifungua kabati lote. Hawakutumia wembe tena. Makasha thelathini na saba mengine, na ndani ya kila moja, mahali ambapo mtu haoni bila kufungua, Lubor alikuwa ametaja aliyemfundisha, au aliyemtangulia, au aliyempa wazo: mchoraji huyu wa miaka ya sitini, meneja yule wa duka, baba yake na kioo chake. Na katika kila moja, bila kukosa, mstari wa mkewe. Drahomíra alibaki na kijiko. Drahomíra alibaki na ngazi. Drahomíra alibaki na mbwa aliyepita. Miaka kumi na mitano jina lake lilichapwa, likauzwa, likakaa sebuleni kwake nyuma ya kioo alichokipangusa yeye mwenyewe kila Ijumaa, naye hakujua. Alikaa sakafuni kati ya nailoni. Alichosema ni, "Mjinga wewe, si ungeniambia." Alikisema mara nyingi.

Hrubeš aliitwa jioni hiyo hiyo. Drahomíra hakumkaribisha kiti.

"Otakar, ulijua?"

"Nilijua. Nimezichapa mimi."

"Ukawaacha wamwite mwizi?"

"Alinikataza, mama. Nilimwomba mara tatu niweke picha ya ndani mtandaoni. Akasema ukiwaonyesha wewe, hawatafungua tena hata moja. Akasema, nimewachorea vitu vya kufungua."

"Na kazi zake mbili ulizompa yule wa Prague? Hizo pia alikukataza?"

Hrubeš ametuambia tuliandike swali hilo kama lilivyo.

Alhamisi mchana alikuja Bwana Vondruška. Blanka ndiye aliyempigia simu, akamwambia neno moja tu, aje na nakala yake. Alifika na namba 212 ndani ya mfuko wa dawa. Drahomíra alimwekea kolache, maandazi yenye plamu, mbele yake, kwa sababu mgeni ni mgeni, na akasubiri amalize.

"Haya, fungua."

Vondruška aligeuzageuza kasha. "Unajua, mama, sijawahi kufungua hata moja. Nina zaidi ya elfu mbili. Na hii sasa, baada ya msiba, thamani yake..." Alijisikia mwenyewe, akawa mwekundu mpaka masikioni.

"Malizia," alisema Blanka. "Thamani yake nini?"

"Nipeni mkasi."

Nailoni ikawa inateleza. Drahomíra alimpokonya kasha, akauma pembe ya nailoni kwa meno, akaichana yote, akamrudishia. Vondruška alisoma. Alisoma tena. Alivua miwani.

"Alinijibu," alisema. "Siku ile. Mbele ya watu wote alinijibu, mimi nikamfanyia kichekesho."

"Alikujibu."

"Mama Zapletalová, nimemuua mume wako."

"Hukumuua. Daktari amesema ni mshipa, na mimi nimemwamini. Lakini Krismasi yake ya mwisho umeila wewe. Hiyo siwezi kukurudishia wala wewe huwezi kunirudishia."

Vondruška aliomba aruhusiwe kusema neno la kuomba radhi hapa kaburini. Drahomíra alikataa. Alimwambia kwamba matusi hayakutolewa makaburini, akaseme kulekule alikosemea. Jana Ijumaa chama kilichapisha taarifa yake na picha za pande zote mbili, pamoja na majina ya waliosema na maneno waliyoyasema, bila kupunguza. Kilitaka pia kumpa Lubor tuzo ya mwaka 2023. Mjane amekiomba radhi chama na kuikataa tuzo hiyo. Badala yake familia ina ombi moja. Wengi wenu mna kazi za Lubor nyumbani, zimefungwa. Mkirudi, zifungueni. Hatusemi hivi kwa kuwalaumu. Kabati letu lilikuwa hivyo hivyo mpaka Jumanne. Tunasema kwa sababu zaidi ya nusu ya alichokifanya mtu huyu hakuna macho yaliyowahi kukiona, na yeye mwenyewe hayupo tena wa kuulizwa.

Bi. Pokludová ana umri wa miaka themanini na tisa na anaishi katika nyumba ya wazee huko Olomouc. Hana mtandao, wala hakuwahi kusikia kwamba kuna mtu aliyetuhumiwa kumwibia. Blanka alipompigia simu juzi kumpa taarifa ya kifo, aliuliza nani atamletea tena keki za asali Jumapili ya pili ya mwezi. Ndivyo tulivyojua Lubor alikokuwa akienda Jumapili hizo na mbwa. Alipoelezwa habari ya wizi alikasirika mpaka muuguzi akaichukua simu. "Kuniibia?" alisikika akisema kwa nyuma. "Miaka hamsini na sita hakuna aliyeniuliza chochote kuhusu yule msichana. Huyu alikuja na kofia mkononi akauliza jina lake!" Amesafiri leo asubuhi kwa gari, na mnamwona ameketi mstari wa mbele. Ameomba ataje kitu kimoja tu, nasi tumekubali, naye atakitaja kwa sauti yake mwenyewe baada ya udongo kutupwa: jina la yule mwanamke wa koti la njano, ambalo mpaka leo alikuwa amemwambia Lubor peke yake.

Marehemu ameacha mjane, Drahomíra, binti, Blanka, na mkwe, Radek, mjukuu, Matyáš, shemeji mmoja, Evžen Kubíček, na familia yake huko Hodonín, na mwenzake wa kazi, Bi. Zdena Pokludová, ambaye Drahomíra ameagiza asomwe pamoja na ndugu.

Lubor, mwana wa Josef na Anežka, Mungu akupokee na akupe pumziko la amani.